Jino nililorusha kwa paa

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, tukikaa Manyatta huku Kisumu, na gego langu la chini kushoto lilikuwa limetoboka kabisa, kosa ni langu na sukari nguru, nilikuwa nainyonya hadi kitandani. Siku tatu sikulala. Mamangu akanipeleka kwa mtu wa meno, akamwambia tu ng'oa, hiyo ni ya utoto itaota ingine, na jamaa hata hakubisha akang'oa. Ile sauti ya kukwaruza ndani ya kichwa, mpaka leo mtu akivuta meza kwa simiti naisikia.

Nilirudi nalo kwa pamba. Jioni nikatoka kulirusha juu ya mabati vile tulikuwa tunafanya na yale ya mbele, dani, yaani nyanya yangu, akanishika mkono. Hebu lete nione, nyakwara. Akaligeuzageuza kwa kiganja, lilikuwa na mizizi miwili mirefu. Akaniuliza, yale mengine yalikuwa na miguu? Nikasema la, yalikuwa kama punje ya mahindi tu. Basi hili halikuwa la kudondoka, akasema. Na dani mwenyewe hakuwa na meno sita ya chini, walimtoa akiwa msichana kama Waluo wa enzi zake, hakuna hata moja lilirudi, so alijua anachosema. Mama akamjibu, ah mama, wewe ulitolewa ukiwa mkubwa. Wakabishana hadi omena ikaungua, na mimi nikapata nafasi nikalirusha, likabingirika kwa mabati kwa kwa kwa, likanyamaza.

Nilikuja kuelewa nikiwa sekondari kwamba jino la utoto huliwa mzizi na lile linalopanda chini yake, ndio maana hutoka bila miguu, lakini hilo gego huota ukiwa na kama miaka sita nyuma ya yote, haling'oi mwenzake, linaingia kimyakimya na wazazi wanadhani ni la maziwa.

Mimi nilingoja. Kila asubuhi kidole mdomoni. Nikiwa na miaka kumi na mbili kitu kigumu kikachomoza huko nyuma, nikapiga nduru nyumba nzima. Dani akaja na tochi, akahesabu polepole, akaninong'oneza, hili ni jirani yake, la kwako haliko.

Mama akauliza kutoka jikoni, limeota?

Dani akanikonyeza. Limeota, akamjibu.