Chai Iliyoshushwa Bei

Treni ya kutoka New York ilituteremsha South Station asubuhi ya Desemba yenye upepo mkali, nikamkuta mpwa wangu, ambaye anasoma Boston, akinisubiri na skafu ya ziada mkononi. Nilikuwa nimemwambia mapema kwamba sina haja ya maduka. Nilitaka kutembea kwa miguu mahali ambapo walowezi wa Kiingereza walikataa kodi ya Bunge la kwao mpaka wakaishia kumwasi mfalme. Babu yangu alitusimulia mara nyingi jinsi alivyolala porini kuwakwepa wakusanyaji wa kodi ya kichwa enzi za Mwingereza Tanganyika, kwa hiyo habari za kodi ya mkoloni hazijawahi kuwa kwangu habari za vitabuni tu.

Tulianzia mahali mtaa wa Essex unapokutana na mtaa wa Washington, ambako uliota mti mkubwa ulioitwa Mti wa Uhuru. Ulikatwa mwaka 1775, na leo kilichopo ni mchongo wake juu ukutani mwa jengo. Tarehe 14 Agosti 1765 watu waliamka wakakuta sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu za serikali, ikining'inia tawini. Bunge la London, lililoelemewa na madeni ya vita vilivyokwisha mwaka 1763, lilikuwa limeamuru kwamba magazeti, hati za mahakama, leseni, hata karata za kuchezea, vilipiwe muhuri. Kabla mwezi huo haujaisha umati uliivamia nyumba ya naibu gavana, Thomas Hutchinson, ukaipora. Sheria ilifutwa Machi 1766, lakini siku hiyohiyo ikapitishwa nyingine iliyosema kwamba Bunge lina haki ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote lile, na kwa maoni yangu hapo ndipo kidonda kilipoachwa wazi.

Mwaka 1767 ulikuja ushuru wa kioo, rangi, karatasi na chai, na mwaka uliofuata wakaja askari. Nje ya Old State House, jengo la serikali ya koloni, tulisimama kwenye duara la mawe linalokumbusha risasi za tarehe 5 Machi 1770, zilizoua watu watano, akiwamo Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Afrika na ya wenyeji wa Amerika. Baadaye ushuru ule ulifutwa, isipokuwa wa chai.

Tulikaa muda mrefu zaidi ndani ya Old South Meeting House. Nje ni kanisa la zamani la matofali, ndani ni ukumbi mweupe wenye viti vya mbao vilivyozungushiwa vibao na vijilango, na tarehe 16 Desemba 1773 walijazana humo na nje yake watu wapatao 5,000. Nilipokuwa nikimweleza mpwa wangu kwamba sheria ya mwaka huo iliiruhusu Kampuni ya India Mashariki kuleta chai moja kwa moja, hata ikawa rahisi kuliko ya magendo, alinikatiza.

“Sasa mjomba, kama bei ilishuka, walikasirikia nini?”

Nikamwambia kwamba kila ratili ilibaki na ushuru wa peni tatu, nao ulitozwa na Bunge ambalo hawakuwa na mbunge hata mmoja ndani yake; kuinunua chai ile kwa bei nafuu kulikuwa sawa na kutia sahihi kwamba Bunge hilo lina haki ya kutia mkono mfukoni mwao. Tena wafanyabiashara wa mji waliachwa kando, na wana wawili wa Hutchinson, ambaye sasa alikuwa gavana kamili, walikuwa miongoni mwa mawakala wa kuipokea. Meli ya Dartmouth ilikuwa na siku 20 za kulipa ushuru, la sivyo forodha ingekamata shehena yake, na gavana alikataa katakata kuipa kibali cha kurudi na mzigo wake.

Humo ndani kuna sanamu ya Phillis Wheatley, mshairi aliyeletwa Boston mwaka 1761 akiwa mtoto mtumwa kutoka Afrika Magharibi, na baadaye akawa muumini wa kanisa hilo. Dartmouth haikuleta chai tu. Ilileta pia nakala za mashairi yake yaliyochapwa London. Nilisimama mbele yake kwa huzuni, nikiwafikiria watu waliolia kwamba peni tatu zinawafanya watumwa, ilhali wengine wao walikuwa na watumwa majumbani.

Jioni tuliteremka hadi daraja la mtaa wa Congress. Gati la Griffin lilishafukiwa, na magari yanapita pale Dartmouth na meli nyingine mbili za chai zilipofungwa. Baada ya gavana kukataa, watu walipanda melini wakamwaga chai baharini; kwa makasha 342 yaliyomwagwa usiku ule wa Desemba 16, London iliifunga bandari mwezi Juni 1774, na Aprili 1775 bunduki za kwanza za vita vya uhuru zikalia Lexington, karibu na Boston. Mpwa wangu aliinama juu ya ukingo wa daraja kuyatazama maji. Usiku ule yalikuwa yamekupwa, nikamwambia, chai ikarundikana ubavuni mwa meli kama nyasi zilizofyekwa, ikabidi vijana washuke kuisukuma kwa mikono hadi penye kina.