Nati ya Vali ya Mjomba

Mjomba wangu, aliyefanya kazi ya ufundi mitambo melini miaka mingi kabla ya kurudi kwao Mikindani, alikuwa na garimoshi dogo la mvuke alilolinunua Uingereza, na reli yake yenye upana wa milimita 45 aliitandika kuzunguka mwembe uliokuwa nyuma ya nyumba. Utotoni aliwahi kuiona reli halisi ya Mtwara hadi Nachingwea, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nadhani hakuacha kuisikitikia. Watoto wa mtaani waliliita garimoshi lile mwanasesere, jambo lililomuudhi, kwa kuwa boila yake ya shaba ilichemsha maji ya kweli kwa moto wa spiriti, ileile tuliyowashia karabai, na kufikia presha ya paundi 40 kwa inchi ya mraba.

Mwaka 1998, nikiwa na miaka 16, aliniruhusu kuliwasha nikiwa peke yangu, kwa sharti kwamba boila isitiwe maji mengine yoyote ila ya mvua, yaliyochujwa kwa kitambaa. Kwetu mvua hukatika mwezi wa Mei, na kufikia Septemba pipa lilikuwa limebaki na tope. Nilichota maji ya kisimani. Visima vya Mikindani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na mtu yeyote aliyewahi kuchungulia ndani ya birika la nyumbani kwetu anaujua ule ukoko mweupe, lakini mimi niliona maji ni maji.

Baada ya wiki kama nne, wakati korosho zimeanza kuanguka, vali ya usalama, ile inayotoa mvuke presha ikizidi, ilianza kutema matone na kufoka kabla ya wakati wake, mshale wa geji ukiwa kwenye 25 tu, na garimoshi likakosa nguvu ya kuvuta hata mabehewa mawili. Juu ya vali palikuwa na nati ndogo inayokaza springi. Niliizungusha nusu mzunguko, matone yakapungua; nikaongeza nusu nyingine, yakakoma kabisa, nami nikajiona fundi. Niliwasha moto, nikaenda barazani kuwaita wenzangu waje kutazama.

Tuliporudi tulimkuta Mjomba amepiga magoti kando ya reli. Mshale ulikuwa kwenye 58 na ungali unapanda, na vali ilikuwa kimya. Bila kuinua sauti alituamuru turudi nyuma ya ukuta, akazima tambi za spiriti kwa kitambaa kibichi, kisha akafungua njia ya mvuke kidogo kidogo hadi mshale ukalala kwenye sifuri.

"Mjomba, umegusa nati?" aliniuliza, maana mjomba na mpwa huitana hivyohivyo.

"Nimeigusa, Mjomba. Nisamehe."

Hakunipiga, ingawa kwetu Wamakonde mjomba ana mamlaka yote ya kufanya hivyo. Alisubiri boila ipoe kabisa, kwani vali haifunguliwi hata siku moja ikiwa na presha chini yake, akaifungua na kuiweka juu ya gazeti: kiwiliwili cha shaba ya njano kisichozidi ncha ya kidole gumba, springi, kijiti, na oringi nyeusi, yaani pete ndogo ya mpira ya kuziba. Akanipa kioo cha kukuzia. Juu ya siti, mahali ambapo oringi hukaa, palikuwa na chembe nyeupe ya ukoko, ndogo kuliko punje ya chumvi, na oringi ilikuwa na kidonda kilicholingana nayo sawasawa. Springi niliyoilaumu haikuwa na kosa lolote. Alinieleza kwamba kwenye presha ya 40 maji yale huwa na joto la nyuzi 140 hivi, na kwamba boila ikipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na kila kikombe cha maji kinachogeuka hivyo hudai nafasi ya vikombe zaidi ya 1,600.

Tuliloweka vipande vya shaba katika maji ya ndimu, tukavisuuza, tukafuta siti kwa kijiti cha mwanzi kwa sababu chuma kingeikwaruza, tukaweka oringi mpya. Kuirekebisha nati kulituchukua alasiri nzima. Tuliacha moto uwake kwa nguvu zake zote huku njia ya mvuke imefungwa, na Mjomba hakuridhika mpaka vali ilipofoka kwenye 40 na mshale ukakataa kupita 43.

Kisha alimwomba mkewe rangi nyekundu ya kucha, akadondosha tone moja juu ya nati na ukingo wake, ili atakayeizungusha aipasue rangi. Madereva wa garimoshi wa zamani, alisema, walikuwa na tabia kama yangu, ndiyo maana mwaka 1855 Mwingereza John Ramsbottom akabuni vali ambayo dereva hawezi kuikaza kwa siri.

Garimoshi lilirudishwa kabatini. Mvua ya kwanza iliponyesha mwezi wa Desemba, usiku wa manane, nilitoka nikatandaza sufuria zote za nyumba chini ya mchirizi wa bati, na asubuhi mkazamjomba hakuwa na chombo cha kupikia chai.