Andiko langu la utafiti wa VVU Baltimore lilivyopata fedha

Wadogo zangu wa taaluma, walioko Dar, Nairobi na huku ughaibuni, huniuliza sana fedha za utafiti za serikali ya Marekani zinapatikanaje. Nitaeleza nilivyofanya mimi kwa andiko langu la kwanza kukubaliwa, lililohusu VVU na dawa za kulevya kwa Wamarekani Weusi wa Baltimore.

NIH, mamlaka ya utafiti wa afya ya Marekani, ina taasisi nyingi chini yake. Iliyonihusu ni NIDA, ya dawa za kulevya. Nilichagua ruzuku iitwayo R21: haizidi dola 275,000 kwa miaka miwili, bila kuhesabu gharama za uendeshaji za chuo, maelezo ya utafiti ni kurasa 6, na hulazimiki kuwa na matokeo ya awali. Kwa anayeanza, hiyo inatosha. Tena maandiko ya VVU yalikuwa na siku zake za mwisho, tarehe 7 Januari, Mei na Septemba, wakati maandiko mengine yalishafungwa. Kabla ya kuandika kurasa hizo nilimtumia afisa programu wa NIDA ukurasa mmoja wa malengo, tukazungumza kwa simu. Sisi tuliolelewa kuogopa ofisi huona kama tunasumbua, kumbe ndiyo kazi yake. Aliniambia waziwazi kwamba swali langu lilikuwa pana mno.

Alikuwa sahihi. Wamarekani Weusi ni kama asilimia 12 ya watu wa nchi ile, lakini katika maambukizi mapya ya VVU fungu lao hukaribia asilimia 40. Wanaosoma maandiko wanaijua takwimu hiyo kama jina lao. Wanachotaka ni uonyeshe pengo linazaliwa wapi. Mimi nikashika matibabu ya uraibu wa dawa za kulevya kama heroini. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba buprenofini, dawa ambayo daktari anakuandikia ukaenda kuiweka chini ya ulimi nyumbani kwako, ilikuwa ikiwafikia wazungu kwa sehemu kubwa mno, hasa wenye bima binafsi au wa kulipa mfukoni. Weusi wengi wa mijini walibaki na methadoni, ambayo mara nyingi unaifuata kliniki kila siku na kuinywa mbele ya muuguzi. Foleni ya methadoni nilikuwa nimeiona Muhimbili, ilikoanza kutolewa mwaka 2011. Sikuhitaji kuelezwa maana ya kuipanga asubuhi huku una kibarua cha kuwahi.

Basi swali likawa hili: buprenofini na PrEP, dawa ya kujikinga na VVU, zikipelekwa palepale watu wanapochukulia sindano safi, huduma ambayo Baltimore inayo tangu 1994, je, wataanza dawa zote mbili na kudumu nazo?

Kazi kubwa ilikuwa nje ya karatasi. Kikundi cha mtaani nilichotaka kushirikiana nacho kiliongozwa na mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa mtumiaji miaka mingi iliyopita. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Watu wa chuo huja hapa na fomu, wakaondoka na digrii. Nionyeshe sisi tuko wapi kwenye bajeti." Nikafungua kompyuta mbele yake. Tukaandika pamoja mishahara ya waelimishaji rika wawili, sehemu ya kodi ya pango, na asilimia 10 kwa ajili ya gharama za uendeshaji, ambayo kanuni za shirikisho wakati ule ziliruhusu kwa shirika dogo lisilo na kiwango chake kilichokubaliwa na serikali. Asilimia hiyo hawakuwahi kuiomba kwa mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyewaambia ipo. Bajeti yenyewe haihesabiwi kwenye alama. Lakini barua ya kikundi ya kuunga mkono andiko ilipoandikwa, ilitaja nani atafanya nini, chumba gani, siku gani, na hilo wasomaji wa NIH walilitaja kwa jina.

Tulibishana pia kuhusu malipo ya washiriki. Mimi na yule mama tulitaka fedha taslimu. Kwenye kamati ya maadili kulikuwa na hofu kwamba watanunulia unga. Nikaweka mezani utafiti wa Philadelphia uliochapishwa 2005: walilipa watu dola 10, 40 au 70, wengine taslimu na wengine vocha, na matumizi mapya ya dawa hayakutofautiana. Taslimu ikapita. Kwa maoni yangu vocha ni kumwambia mtu mzima humwamini, halafu unamwomba akuamini wewe kwa siri zake.

NIH hutoa alama kuanzia 10 hadi 90, na ndogo ndiyo nzuri. Mara ya kwanza tulipata 41, hakuna fedha. Kuwasilisha upya kunakupa ukurasa mmoja wa kujibu hoja. Nilijibu kila hoja, hata ile niliyoiona ya ajabu, bila kulalamika. Safari ya pili ilikuwa 23, na fedha zikaja.

Jambo moja lilibaki. Kwa mikataba ya aina hii, kati ya chuo na kikundi, shirika hutumia kwanza fedha zake kisha likaleta ankara, na kikundi kile hakikuwa na akiba hata ya mwezi. Kabla ya kusaini nilikaa na mhasibu wa chuo tukaandika kipengele cha malipo ya awali ya robo mwaka. Waelimishaji rika wakalipwa mwisho wa mwezi wa kwanza, kabla hatujamwandikisha mshiriki hata mmoja.