Omeprazoli nilikuwa nakunywa saa mbaya

Mie ni fundi wa kushona, mashine yangu iko mu soko ya Kadutu, hapa Bukavu, nalalaka Bagira. Mwaka jana nilianza kusikia moto inapanda kutoka tumboni mpaka ku koo, zaidi usiku, unaamuka mdomo iko chungu. Munganga akanipima kama niko na kale kadudu ka tumbo kenye kuletaka vidonda, hakakuwa, akanipa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ya 20 mg, moja kila siku, akasema "kunywa tumbo ikiwa wazi". Basi, ni hivyo tu.

Kwanza nilikunywa usiku nikiisha kula bugali na sambaza, juu usiku njo iliniunguzaka. Wiki mbili, hakuna kitu. Nikageuza, nikakunywa saa kumi na mbili ya asubui mbele ya kutoka, tumbo wazi kabisa, nikajisifu. Lakini chai na mandazi nakulaka kule soko saa nne, kazi ikinikamata saa tano. Moto ile ile.

Nikarudi farmasi, dada wa pale akauliza swali moja tu: "Papa, ukishakunywa, unakula kisha muda gani?" Masaa ine. Akacheka! Akanieleza kama tumbo iko na tupompi twa asidi, mingi inalala kama haujakula, chakula njo inatuamusha, na omeprazoli inafunga tu ile yenye kuamuka. Na mu damu haikawie, kisha lisaa limoja hivi nusu yake imeshatoka. Kumbe yangu ilikuwa inapita pompi bado zimelala, ni sawa vile mulinzi anarudi kwake mbele mwizi afike. Lakini pompi yenye imeshafungwa inabaki imefungwa, tumbo mpaka itengeneze ingine, njo maana kidonge kimoja kinashika siku muzima.

Sasa kidonge natembea nacho mu mfuko ya shati. Mama wa mandazi akianza kuwasha makala, nameza na maji, muzima bila kutafuna juu mule ndani kuna tubegu twenye kufunikwa ili asidi isituharibu, na mandazi ya kwanza ikitoka nusu saa imeshapita. Dada alinionya kama nguvu yake yote inakuja kisha siku tatu ao tano. Siku ya ine nililala mpaka asubui.

Mara moja moja usiku bado iliuma, hapo dawa haina kosa, ni pilipili na kulala nikiisha tu kula. Nikaomba bibi yangu tukule saa moja ya magaribi. Alikubali mbio, kumbe alishachoka kuningojea na sahani.