Mashua ya Mataruma 14

Mwaka 2013, baada ya shahada yangu ya uhasibu kukaa kabatini miezi saba pamoja na barua tatu za kunikatalia kazi, nilijiunga na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ili nisomee uchoraji katika ngazi ya cheti. Wenyeji wa Bagamoyo bado walikiita Chuo cha Sanaa, kama kilivyoitwa tangu kilipoanzishwa mwaka 1981, ingawa jina lilikuwa limebadilishwa mwaka 2007. Nami nikawafuata wenyeji. Mama alilipokea jambo hilo kwa swali moja tu: “Mtu ana digrii, anarudi kusoma cheti?” Hesabu zilikuwa upande wake, kwa sababu katika ngazi za elimu ya ufundi nchini mwetu shahada iko ya 8 na cheti cha awali kiko cha 4, kwa hiyo mwanawe aliyemsomesha kwa taabu alikuwa anashuka ngazi nne kwa hiari yake mwenyewe. Baba hakubishana. Alinishauri tu nisibebe vyeti halisi, nibebe nakala.

Wenzangu wengi darasani walikuwa wamemaliza kidato cha nne juzijuzi. Waliniita Dada Mhasibu, na kabla ya wiki ya kwanza kwisha walikwisha kunikabidhi fedha za darasa.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya wiki ya tano. Mwalimu wetu wa uchoraji alitutuma pwani, karibu na soko la samaki, kila mmoja achore chombo kimoja kwa mkaa kwenye karatasi moja kubwa, bila kufuta kitu. Saa tatu asubuhi maji yalikuwa yanakupwa, ngalawa zimelala juu ya mchanga, na mnada wa samaki umepamba moto kiasi kwamba sauti za wanadi zilitufikia hata pale tulipokaa. Mimi nilichagua mashua iliyokuwa katika matengenezo, imeegemezwa juu ya magogo, mbao za ubavu wake mmoja zimebanduliwa hata mataruma yake yakaonekana kama mbavu za ng'ombe buchani. Fundi, mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua, alikuwa akichonga taruma jipya kwa tezo, na kijana wake alikuwa upande wa pili akikalafati, akisokota pamba iliyolowekwa mafuta na kuishindilia kati ya mbao kwa patasi na nyundo. Mahali pote palinuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo. Anayeijua harufu yake atanielewa nikisema kwamba khanga niliyojifunga siku ile niliifua mara tatu.

Nilimwamkia fundi, nikamwomba ruhusa, kisha nikafanya kitu ambacho miaka minne ya chuo kikuu ilikuwa imenifundisha kukifanya kabla ya kingine chochote: nilihesabu. Mataruma yalikuwa 14. Nikakaa upande wa omo, yaani mbele ya chombo, nikayachora yote 14, moja baada ya jingine, kwa uangalifu na kwa nafasi zinazolingana. Fundi alikuja kutazama huku akifuta jasho, akayahesabu kwenye karatasi yangu kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. “Binti, hukuniibia hata moja,” alisema. Nilirudi chuoni nikiwa nimevimba kichwa.

Alasiri picha zetu zilibandikwa ukutani na mwalimu akazipitia. Alipofika kwenye yangu alisimama muda mrefu kuliko nilivyotaka.

“Ulikaa wapi?”

“Upande wa omo, Mwalimu.”

“Na ukiwa umekaa hapo uliona mataruma mangapi?”

“14.”

“Uliyaona, au uliyahesabu?”

Darasa lilicheka. Nilijitetea, tena vibaya, kwamba mashua ile kweli ina mataruma 14 na mwenye shaka aende akahakikishe. Mwalimu alijibu kwa upole ambao uliniuma zaidi ya kicheko, kwamba hana shaka na idadi, ila hakuna mtu aliyekaa mbele ya chombo akaona ubavu wake wote hadi tezi, nyuma kabisa, kama nilivyouchora. “Hii si picha,” alisema, “hii ni orodha ya mali.”

Kesho yake alinirudisha pwani mwenyewe. Alinikalisha palepale nilipokuwa jana, akachora duara mchangani kuzunguka miguu yangu, akaniambia nisitoke humo. Nikanyoosha mkono, nikafumba jicho moja, nikapima kwa penseli taruma la kwanza limezidi la pili kwa kiasi gani. Kisha akanipa sharti lililonichanganya kabisa: nisichore mataruma, nichore uwazi ulio kati yake. Katika uhasibu nafasi tupu kwenye leja ni kosa au ni wizi, na mkaguzi akiiona lazima aulize. Leo naambiwa niifanye hiyo tupu kuwa ndiyo kitu chenyewe! Nilianza kwa kinyongo. Uwazi wa kwanza ulikuwa mpana chini na mwembamba juu, kama jani la mkungu lililokunjwa. Wa pili ulikuwa umebanwa zaidi. Wa tano haukuwa zaidi ya mstari wa mwanga. Nilipokuwa nikiujaza kwa mkaa mmoja mmoja, mataruma yalijitokeza yenyewe, meupe, katikati ya weusi, na yalikuwa yamepinda namna ambayo sikuwa nimeiona jana hata kidogo. Baada ya taruma la tisa hapakuwa na kitu. Mengine yote yalikuwa nyuma ya mpindo wa ubavu, nami mkono uliniwasha kuyaongeza, maana nilijua fika kwamba yapo.

Ilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Ilipofika saa saba mchana maji yalikuwa yanakuja kwa kasi, yakafuta duara langu na kunilowesha hadi vifundoni, ndipo nikasimama.

Fundi alikuja. Akahesabu kwa ncha ya kidole kama jana, akarudia, akanitazama.

“Tisa. Matano umeyapeleka wapi?”

Nilimweleza kwamba kutoka nilipokaa hayaonekani. Hakubishana; aliinua msuli wake, akachuchumaa ndani ya maji pale nilipokuwa, akafumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu kweli.

“Ni kweli, hayaonekani,” alisema akiinuka. “Lakini chombo cha mataruma tisa hakifiki Unguja.”

Mwalimu alicheka hadi akashika gogo la mashua asianguke.

Fundi aliniomba ile picha ya kwanza. Niliipulizia dawa ya nywele ili mkaa usipukutike, nikampelekea wiki iliyofuata, naye akaigongomelea kwa misumari minne katika banda lake, juu ya debe la sifa. Ile ya mataruma tisa ilibaki chuoni kwa ajili ya kusahihishwa.