Maji ya chini hayapandi yenyewe

Mi nilikuwa najua bahari ni maji mengi ya chumvi, mawimbi juu, samaki ndani, basi. Juzi usiku nikajaribu kitu jikoni, nikachukua glasi ya maji ya vuguvugu, pembeni nikakoroga maji ya friji na chumvi na rangi ya keki ya bluu, nikayamimina polepole kwenye ukingo wa glasi. Weee! Ile bluu ikateleza ikaenda kulala kwenye kitako, wala haikujichanganya.

Kumbe ndo bahari hiyo. Huko karibu na Greenland na Antaktika maji yanapoa sana, na yakiganda barafu inaiacha chumvi nje, kwa hiyo yanayobaki yanakuwa mazito yanazama na oksijeni yake, yanatambaa gizani miaka kama 1000 hivi ndo yarudi juu. Viumbe wa chini wanapumulia hapo. Na giza lenyewe si la kitoto, mwanga wa maana unaishia kama mita 200 na kina cha bahari kwa wastani ni karibu mita 3,700.

Sasa kasheshe ni chakula. Kila kinachofia juu kinazama, yaani mbolea inajirundika chini kusiko na jua, halafu vile vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinatoa karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani, viko juu vinalia njaa. Mwokozi ni upepo, unasukuma maji ya juu pembeni, ya chini yanapanda. Pwani ya Peru wana samaki wadogo kibao kwa sababu hiyo. El Niño ikija, yaani ile miaka maji ya juu ya Pasifiki yanapata joto kuliko kawaida, maji ya moto yanafunika juu kama mfuniko, mbolea haipandi. Mwaka 1972 ikatokea hivyo wakati walishavua kupita kiasi, samaki wakaporomoka, unga wa samaki ukaadimika, mpaka wafugaji wa nchi za mbali kabisa wakalia na bei ya chakula cha mifugo.

Kinachoninyima raha ni hiki: zaidi ya 90% ya joto la ziada linalonaswa na moshi wetu wa mafuta na makaa linaingia baharini. Afadhali, maana lingebaki hewani tungeiva. Ila sehemu kubwa inakaa huko juu juu, na maji ya moto ni mepesi, hayataki kushuka, mfuniko unazidi kukaza.

Ile glasi niliiacha mezani. Asubuhi bluu bado iko kwenye kitako, mpaka nilipotia kijiko.