Siku moja na mwanamke wa rangi za maji

Saa 2:00 asubuhi. Nanawa mikono na kuikausha vizuri. Kwa karatasi kuukuu napenda mikono safi kuliko glavu, maana kidole huhisi ukingo unaotaka kuchanika. Leo naandaa picha moja tu kwa maonyesho: mwanamke ameketi, uso unaonekana kwa ubavu, kitabu mkononi. Ilichorwa Marekani karne ya 19, haina sahihi.

Saa 3:00. Naitoa kwenye fremu. Kadibodi ya nyuma ina asidi, imeacha doa la kahawia. Najaza fomu ya hali ya picha.

Saa 4:30. Nalaza taa ubavuni, nachukua lenzi, na hapa sitaki kuondoka. Mstari wa penseli umeshuka kutoka paji la uso hadi kidevu bila kufutwa popote. Mkono ni mdogo kama wa mtoto, kiti kimelala bapa. Wapo wanaouita huo udhaifu, mimi sikubali. Wachoraji wa namna hii wengi walizunguka nyumba hadi nyumba, nao walijua mteja anataka sura ifanane naye, na vitu vyake vionekane. Mmoja wao, Joseph H. Davis, aliyefanya kazi katika majimbo ya New Hampshire na Maine miaka ya 1830, alichora mume na mke wakitazamana, na chini yao zulia lenye nakshi kuliko nyuso zao. Huyu wangu ni wa mkondo huohuo.

Tazama kola ya lesi! Weupe wake ni karatasi tupu. Mchoraji alizungukia kila kitundu kwa rangi nyepesi, na alipaswa kujua pa kukomea kabla hajachovya burashi, kwani rangi ya maji ikishanywewa na karatasi haifutiki kirahisi. Mtu asiyejua kazi hawezi hivyo.

Saa 7:00. Chakula, haraka.

Saa 8:00. Chini kabisa, palipofichwa na fremu, pana utepe mwembamba wa zulia. Ni mwekundu wa kuwaka! Kwingine kote zulia limepauka likawa waridi hafifu. Mwanga ndio ulioila rangi. Nimekaa nikijaribu kuliona zulia zima jinsi alivyoliona yeye.

Saa 10:00. Tunapima taa za ukumbini, zisizidi luksi 50, kipimo cha mwanga unaoangukia picha.

Saa 11:00 jioni. Picha inaingia kwenye boksi lisilo na asidi. Ule utepe utabaki umefunikwa ili usipauke nao. Nimeupiga picha, nikaomba itundikwe kando ya mwanamke huyu.